Wanasifu pai zangu, lakini hawarudi

Shikamoo Mama Mshauri,

Nimekuwa nikisoma majibu unayowapa wengine, na leo nimejikaza niandike la kwangu. Naomba jina langu lisitajwe.

Nina duka dogo la pai. Nauza za nyama, za kuku na za mboga, na mwisho wa wiki naongeza za matunda. Nilianza kwa kuoka nyumbani na kuwauzia wenzangu kazini. Walizipenda mno, kila siku wakawa wananiambia, "Wewe acha kazi ufungue duka." Nikaacha kazi. Kaka yangu mkubwa akanipa sehemu kubwa ya mtaji. Hatukuandikiana chochote, ni kaka yangu.

Huu ni mwaka wa pili. Miezi ya mwanzo palijaa, watu walipanga foleni hadi mlangoni. Baadaye wakaanza kupungua kidogo kidogo, na sasa kuna siku jioni inafika kabati la kioo likiwa na nusu ya nilichooka. Kinachoniumiza ni kwamba hakuna anayelalamika. Mtu anakula, anasema, "Dada, pai yako tamu," analipa, anaondoka, na simwoni tena. Wengine nawaona wakipita nje. Nawatambua sura, nao wanatazama pembeni. Nikifika nyumbani nalia.

Upande wa pili wa barabara pamefunguliwa duka la mikate. Nao wanauza pai, ndogo kuliko zangu, ganda gumu, nyama ya kutafuta, ila bei yao iko chini sana. Naona waliokuwa wateja wangu wakitoka mle na mifuko.

Kaka anasema tatizo ni bei. Anataka niishushe kwa robo nzima, niongeze aina za pai zifike kumi na kitu, na nijiunge na programu ya simu ya kuagizia chakula. "Biashara ni wingi," ndivyo anavyosema. Mimi naona nikishusha bei nitalazimika kupunguza nyama na kuacha siagi, na pai yangu itakuwa kama za wale. Nilimjibu kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Akakasirika, akasema pesa zake si za kufanyia majaribio. Tangu siku hiyo akipita dukani anahesabu tu pai zilizobaki kwenye kabati, anaondoka bila hata kunywa maji.

Siku yangu iko hivi. Naamka saa tisa usiku, naoka zote kwa mkupuo mmoja, na saa kumi na mbili na nusu nafungua. Za nyama huwahi kuisha, mara nyingi saa nne hakuna. Anayekuja mchana namuuzia ya kuku au ya mboga, nampashia kwenye maikrowevu. Mwanangu mdogo anasumbuliwa na pumu, kwa hiyo kuna siku nachelewa kufungua, na nyingine sifungui kabisa. Nina binti wa kunisaidia, mchapakazi, ila mpole mno, haongei na wateja. Katika kila mia inayoingia, kama sitini inakwenda kwenye unga, siagi, nyama, gesi na mifuko. Arobaini inayobaki ndiyo ya kodi, mshahara wa binti, na mimi mwenyewe.

Matangazo mitandaoni nimejaribu. Napiga picha nzuri, watu wanazipenda, wengine wanaandika "nakuja kesho". Niliwahi pia kutoa ofa ya nunua moja upate moja. Siku ile palifurika, na kesho yake wakarudi wale wale wachache.

Mama, nimfuate kaka nishushe bei, au nishikilie ubora wangu hata kama duka litanifia mikononi? Na nifanye nini ili mteja akija abaki?

Ni mimi, mwoka pai

Majibu ya Mama Mshauri

Marahaba, mwanangu. Pole kwa machozi, na pole kwa mtoto. Pumu ya mtoto humnyima mama usingizi hata usiku ambao mtoto mwenyewe amelala vizuri, na wewe usingizi wenyewe unakatishwa saa tisa. Kabla ya kusema lolote kuhusu biashara, nataka ujue nimeliona hilo, kwa sababu mtu aliyechoka kiasi hicho huona kila anayetazama pembeni kuwa amemkataa. Yawezekana baadhi yao wanaona haya tu kukutwa na mfuko wa duka lingine. Yawezekana wengine wala hawakukuona.

Nimekuelewa hivi: una pai unayoiamini, una wateja wanaoisifu bila kurudi, una jirani mwenye bei ya chini, na una kaka mwenye wasiwasi wa haki, maana pesa yake imo humo. Umeniuliza uchague kati ya bei na ubora. Ila katika barua hiyo hiyo kuna mambo umeyataja harakaharaka, kana kwamba ni ratiba tu ya siku yako, na mimi ndiyo yaliyonisimamisha. Tuanze na hayo, bei tutaifikia.

Ulimwambia kaka kwamba chema chajiuza. Sikatai, lakini kinajiuza kwa yule aliyekionja kikiwa bado chema. Mteja wa saa moja asubuhi anapata pai yako halisi, ganda linapasuka kwa kutafuna, mchuzi bado unafuka. Mteja wa saa nane anapata ile ile iliyookwa alfajiri, imekaa kabatini, imepita kwenye maikrowevu. Ganda huwa la tabaka kwa sababu vipande vya siagi ya baridi vinapoingia kwenye oveni, maji yaliyomo hugeuka mvuke na kuinua unga. Likishaiva, unyevu ndio unaoliharibu. Pai ikikaa, maji ya mchuzi yanahamia taratibu kwenye kitako. Maikrowevu inayachemsha maji ya ndani, mvuke unapita kwenye ganda na kulilowesha, na hakuna joto kavu la nje la kulirudisha. Kisha binti anaiweka kwenye mfuko na kuukunja mdomo, mvuke unabaki humo humo. Mteja anafika kazini, anaifungua, anainyanyua, na kitako kinabaki kimeganda kwenye karatasi.

Huyo hatakulalamikia. Amekuta sifa zako kwa watu, amekuja mchana kwa sababu mchana ndio nafasi yake, ameambiwa ya nyama imekwisha, amekubali ya kuku, na ameila ikiwa imelowa. Ataona kwamba watu wamezidisha sifa, basi. Sisemi ndivyo ilivyo kwa wote waliopotea, sijakaa dukani kwako. Nasema hujui bado, na linajulikana kwa urahisi. Tafuta mtu asiyekuogopa na asiyekuonea huruma. Mwombe anunue pai kwako saa nane mchana bila kukutazama usoni, aibebe, aile baada ya nusu saa, kisha akueleze. Mwombe afanye vivyo hivyo kwa duka la mikate. Huenda akakuta kwamba pai yako ya asubuhi haina mpinzani, na kwamba mchana mnakaribiana.

Kuna la usalama pia, na hili sitalizungushazungusha. Hukusema kama kabati lako lina joto. Bakteria huzaliana haraka kwenye chakula kilicho kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, na kanuni inayofundishwa sana ni kwamba chakula cha nyama kisikae katikati hapo zaidi ya saa mbili. Kwa hiyo ama kabati lishikilie joto la zaidi ya nyuzi 60, ama pai zipoe na ziingie kwenye friji mapema, na zikipashwa zifike nyuzi 75 katikati. Kipimajoto cha kuchoma ndani ya chakula ni kifaa kidogo na hakina gharama kubwa. Mteja mmoja akiugua kwa pai yako, mjadala wa bei utakuwa umekwisha.

Njia mojawapo ya kuifikiria ni kuoka kwa awamu. Pai iliyofungwa vizuri ikiwa mbichi hukaa kwenye friza bila shida, mradi kilichomo ndani kimepoa kabisa kabla ya kuwekwa kwenye unga. Ukikiweka cha moto kinayeyusha siagi, na ganda linakuwa limeharibika hata kabla ya oveni. Ungeweza kuzitengeneza alasiri, wakati duka limetulia, ukaoka sehemu asubuhi na sehemu kabla ya saa sita. Iliyotoka kwenye friza itahitaji muda zaidi ovenini, na trei iliyokwisha kupata moto husaidia kitako kiive. Kwa kupasha, oveni ya nyuzi 180 inalirudisha ganda, ingawa inachukua kama robo saa na mteja mwenye haraka hatapenda kusubiri. Hatari za njia hii zipo. Friza ni gharama, umeme ukikatika ni hasara, na awamu ya pili inahitaji mtu wa kuisimamia. Lakini huenda ikakuondolea ile saa tisa usiku, na harufu ya pai zinazoiva saa sita mchana inawafikia wapita njia ambao tangazo lako la mtandaoni haliwafikii.

Sasa mlango. Umesema kuna siku unachelewa na siku hufungui. Mama yeyote anakuelewa. Mteja naye hajui habari za pumu. Anajua tu kwamba alikuja na mlango ulikuwa umefungwa, na mtu akifungiwa mara mbili hubadilisha njia. Hapa sikushauri ujibidiishe zaidi, umekwisha kujibidiisha vya kutosha. Jiulize kinyume chake: ni saa gani unazoweza kuzitimiza hata katika wiki mbaya? Pengine ni kufungua saa mbili badala ya kumi na mbili na nusu, au kufunga siku moja inayojulikana na kila mtu. Utawapoteza baadhi ya wateja wa alfajiri, na ni wazuri, hao. Au binti afundishwe kuoka zilizotoka kwenye friza na kufungua bila wewe. Umesema ni mpole, haongei. Je, ameambiwa aseme nini? Mtu mpole akijua salamu moja, akajua kuuliza "ile ya juzi uliionaje?" na akaruhusiwa kumpa mteja jibu bila kukuita, hubadilika. Mpe pia daftari pale kaunta. Kila siku aandike aina gani imeisha saa ngapi, na nani aliulizia akakosa. Kaka anahesabu zilizobaki tu. Hakuna anayehesabu pai za nyama ambazo zingeuzwa saa tano kama zingekuwepo, na huenda huko ndiko pesa inakopotelea.

Tuje kwenye bei, maana swali la kaka linastahili jibu la hesabu. Kwa maelezo yako, pai ya 100 inakuachia 40. Ukishusha kwa robo unauza 75, gharama inabaki 60, unabakiwa na 15. Ili upate pesa ile ile unayoipata leo, kila mahali unapouza pai 3 itabidi uuze 8. Oveni yako inaweza? Mikono yako, na hiyo saa tisa usiku? Na duka la mikate likishusha tena, utafuata mpaka wapi? Hata ile ofa ya nunua moja upate moja, kwa hesabu hii, ilikuwa ni kutoa pai mbili zenye gharama ya 120 kwa mtu aliyelipa 100. Palifurika, na kila aliyetoka alikuacha na pengo. Wengi wa aina hiyo hufuata ofa, na ofa ikiisha nao wanaisha.

Hata hivyo usimpuuze kaka. Anaona jambo la kweli, kwamba wako watu ambao bei yako imewazidi. Ungeweza kuwafikiria kwa pai ndogo ya bei ndogo, siagi na nyama zikibaki vile vile. Nayo ina mitego. Pai ndogo inakula muda wako karibu sawa na kubwa, kuikata na kuifunga ni kazi ile ile, na ganda lake ni kubwa ukililinganisha na nyama. Baadhi ya wanaonunua kubwa leo watahamia ndogo. Ukiijaribu, ijaribu kwa aina moja, kwa muda mliokubaliana, na hesabu iandikwe.

Kuhusu aina kumi na kitu nina mashaka zaidi. Mwaka 2000 watafiti Sheena Iyengar na Mark Lepper walichapisha jaribio la meza ya jemu dukani. Ilipokuwa na aina 24, watu wengi zaidi walisimama kutazama, lakini walionunua walikuwa asilimia 3 tu ya waliosimama. Ilipokuwa na aina 6, walinunua asilimia 30. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba mambo hayaendi hivyo kila mahali, kwa hiyo usilifanye sheria. Kwako wewe sababu ya kutahadhari ni ya kawaida zaidi: aina unayosifiwa nayo inaisha saa nne. Kila aina mpya itadai nafasi katika oveni hiyo hiyo na itaongeza za kubaki jioni. Programu ya simu nayo mara nyingi hutoza kati ya asilimia 15 na 30 ya mauzo. Toa 30 kwenye 40 yako, tena pai isafiri kwenye mfuko uliofungwa. Kama kaka anaona inafaa, mwulize mtaifanyaje ifike ikiwa kavu.

Kuna kitu kingine ambacho hukukitaja, kadi ya mteja inayogongwa muhuri. Ukimpa pai ya kumi bure anayenunua tisa, umempunguzia asilimia 10, si robo, na umempa aliyerudi, si mpita njia. Mwaka 2006 Joseph Nunes na Xavier Drèze walieleza jaribio la kadi 300 kwenye sehemu ya kuoshea magari. Nusu ya kadi zilitaka mihuri 8. Nyingine zilitaka 10, ila 2 zilikuwa zimeshagongwa. Kazi ilikuwa sawa kabisa, lakini waliomaliza za kwanza walikuwa asilimia 19, na wa pili asilimia 34. Kwa hiyo ukiamua, mgongee mteja wa kwanza muhuri wa kumwanzishia. Ila kadi haiponyi kitako kilicholowa. Ningeichelewesha mpaka pai ya mchana iwe unaiona fahari kuitoa.

Na foleni ya miezi ya mwanzo usiitumie kujihukumia. Duka jipya huvuta watu kwa upya wake, kila mahali. Nusu ya foleni ile ilikuwa watu wanaotaka kuona. Biashara yako ya kweli huenda ni kubwa kuliko ya leo na ndogo kuliko ya wakati ule, na ni vizuri mtaji na kodi vipimwe kwa kiasi hicho.

Nimeacha kaka hadi mwisho kwa sababu nadhani ndiye aliyekufanya uandike. Hamkuandikiana. Basi pesa ile ni nini, mkopo, zawadi au sehemu ya duka? Kama ni mkopo, anataka kujua utarudi lini, na bei ya pai ni uamuzi wako. Kama ni sehemu ya duka, ana haki ya kusikika kuhusu bei, nawe una haki ya kumtaka aje usiku mmoja akae kwenye unga. Inawezekana kila mmoja ana jibu lake kichwani na kila mmoja anaona mwenzake anavunja ahadi. Kuliuliza hilo kunatisha, kwa sababu anaweza kujibu usichokitaka. Kutoliuliza kumeshawagharimu mazungumzo ya ndugu.

Usimwite siku ya hasara, wala asubuhi pai zinapotoka motoni. Mwite siku ya kawaida, saa nane mchana. Mpashie pai kama unavyompashia mteja yeyote, iweke kwenye mfuko, mngoje kidogo, mle wote wawili. Kisha mfungue daftari la binti na muanze kuzungumzia bei.

Niandikie mkishafika hapo.

Mama Mshauri